Alikuja na Jahazi

Abiria wengi wakishuka boti ya Dar es Salaam pale Malindi hufuata Barabara ya Mizingani, wakapita Mtini, wakaenda zao Forodhani. Mimi asubuhi ile nilikwenda upande wa pili, Funguni, kwenye majahazi. Maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vimeegemea ubavu kwenye matope, na makuli wanashuka ubao mmoja mwembamba na magunia ya makaa vichwani, mmoja nyuma ya mwenzake, bila kutazama chini. Harufu ni ya samaki, dizeli na mbao zilizolowa.

Nilikuwa nimetumwa kuandika makala ya kitalii. Mnaijua: tanga jeupe, jua linazama, karafuu zinanukia. Sikuiandika.

Kivulini alikaa mzee mmoja, baharia wa zamani, na kikombe chake cha kahawa. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuandika habari za "dhow". Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, dhow ndo nini? Lile pale jahazi. Ile mashua. Ile ya wavuvi ngalawa. Dau ni kitu kingine, na hapa leo hulioni."

Aliniaibisha kidogo, maana mimi ni mtoto wa Unguja, ingawa chuo na kazi vimenifanya mtu wa Dar. Lakini alikuwa amegusa jambo kubwa kuliko kiburi changu. Watu wa pwani hii walikuwa na majina chungu nzima: jahazi, mashua, bedeni, betili, sambuki, bumu, ghanja, na mtepe, ule ulioshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuvuta kwa tanga la mkeka. Kila jina lilikwambia chombo kimeundwa wapi na kina umbo gani. Mwingereza akavitia vyote katika neno moja. Na katika karne ya 19 neno hilo halikuwa la mashairi. Lilikuwa neno la polisi.

Mwaka 1873 nahodha wa manowari za Kiingereza, George Sulivan, alichapisha kitabu kuhusu kuwinda "dhow" katika maji ya Zanzibar. Kuwinda, ndivyo alivyoandika kwenye jalada. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo Sultani Barghash, akibanwa na balozi John Kirk, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la Mkunazini. Palipokuwa soko pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana, na ndipo watalii wanapopelekwa hadi leo. Sawa. Lakini watumwa hawakufika Mkunazini kwa miguu. Walishushwa kwenye ufuo huu wa mji, na ufuoni hakuna kibao.

Kuanzia 1874 mpaka 1884 Waingereza waliegesha manowari kuukuu, HMS London, hapa mbele ya mji. Haikwenda popote. Ilituma mashua zake kuzunguka Unguja na Pemba, zikisimamisha kila tanga. Mabaharia wa manowari walilipwa tuzo kwa kila mtumwa waliyemkomboa, na chombo kisicho na watumwa kikihukumiwa kuwa cha biashara hiyo, walilipwa kwa ukubwa wake. Hebu fikiria vishawishi vyake. Katika miaka ya 1860 vyombo vingi vilichomwa moto hukohuko baharini kabla ya hakimu yeyote kuviona, vingine vya wafanyabiashara wasio na hatia, hadi maofisa wa ubalozi wao wenyewe hapa Unguja wakalalamika.

Wenye vyombo nao hawakulala. Wengi, hasa watu wa Sur huko Oman, walipata bendera ya Ufaransa, kwa sababu Ufaransa haikukubali meli za Uingereza zipekue vyombo vyake. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa HMS London aliuawa karibu na Pemba alipokisogelea chombo chenye bendera hiyo, na kilikuwa na watumwa kweli. Ugomvi wa bendera ulifika hadi mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu mwaka 1905. Majaji wakabishana juu ya vyombo vya Sur kama hivi vinavyolala kwenye matope ya Funguni!

Ila mimi sikwenda Funguni kwa ajili ya majaji.

Mpekuzi akishapanda chomboni alikuta swali gumu: nani hapa ni baharia, nani ni shehena? Usidhani jibu lilikuwa wazi. Katika pwani hii mabaharia wengi walikuwa watumwa. Walikodishwa na mabwana zao, wakasafiri miezi, wakirudi wakatoa sehemu ya ujira, mara nyingi nusu, wakabaki na nyingine. Walikuwepo hata manahodha watumwa, waliokabidhiwa chombo kizima na mali ya watu. Mtu kama huyo angeweza kukimbia katika bandari yoyote, na wengine walikimbia. Wengine walirudi kila msimu. Na pembeni yake, kwenye safari ileile, angeweza kukaa mtoto aliyevishwa nguo safi na kufundishwa aseme yeye ni ndugu wa fulani.

Nyumbani kwetu, baba wa babu yangu huelezwa kwa sentensi moja: alikuja na jahazi kutoka Kilwa. Basi. Nimeisikia tangu utotoni, na nilimwona akilini kijana hodari ameshika kamba. Nilipokuwa chuo nikisoma historia ya Kilwa, kwamba ndiyo ilikuwa lango kubwa la watumwa walioletwa Unguja, ile sentensi ikaanza kunikera. "Alikuja na jahazi" inaweza kusemwa juu ya nahodha. Inaweza kusemwa juu ya gunia la mtama. Jina lake nalo ni moja ya yale majina ya heri na bahati ambayo mabwana walipenda kuwapa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na aliyetaka uhuru wake ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Hatujui kama alikwenda. Nilimuuliza shangazi mara moja. Alinyanyuka akaenda kuepua sufuria ambayo haikuwa motoni.

Karne ya 20 ilileta picha nyingine, ile wanayoipenda waandishi. Mwaka 1939 Alan Villiers, Mwaustralia, alifika Unguja ndani ya bumu la Kuwait, kisha akaenda nalo delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Kaskazi ilikuwa ikiwaleta kuanzia Desemba na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia, kusi ikiwarudisha. Boriti hizo zilibeba mapaa ya Ghuba kama zilivyobeba ya Mji Mkongwe, ndiyo maana vyumba vya huku ni virefu lakini vyembamba: upana ni urefu wa mti. Kisha mafuta yakaanza kuuzwa Kuwait, mabaharia wakapata kazi nchi kavu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 safari zile zikafifia. Waliobaki ni hawa wa makaa, mbao na saruji, na wengi wana mashine.

Saa tano maji yalianza kujaa. Jahazi moja likanyanyuka taratibu kutoka ubavuni, na vijana wakaanza kuitana. Nilimweleza mzee habari ya Kilwa, nikamtajia jina. Alinyamaza kitambo.

"Alikuwa akifanya kazi gani hapa Unguja?"

"Wanasema alikuwa serehangi. Alikufa akiwa serehangi."

"Serehangi ndo anayewaamrisha mabaharia." Akamwaga masimbi ya kahawa mchangani. "Na wewe unataka kujua alipandaje mara ya kwanza."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Hao waliompandisha ndo wanaojua. Sisi tulipokuwa chomboni mtu hakumuuliza mwenziwe suala hilo. Wala si kwamba tulisahau."

Akanyoosha kidole kuelekea lile jahazi. Lilikuwa limeshaelea, linatoka kwa mashine, moshi mweusi nyuma yake. Nilimuuliza kwa nini hawatweki tanga.

"Upepo wa humu ndani mbovu. Ngoja litoke nje."

Tukangoja. Lilipopita meli za makontena wale vijana wanne waliivuta henza, foromali ikapanda kwa mikupuo, na tanga likafunguka. Halikuwa jeupe. Lilikuwa na kiraka cha turubai la buluu katikati.