Kiporo si Aibu



Bibi zetu waliijua Marekani kwa kitambaa kabla ya kuijua kwa ramani. Ile nguo ya pamba isiyopaushwa, tuiitayo marekani, ililetwa Unguja na merikebu za Salem, mji wa jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan akafunga na nchi hiyo mkataba wa biashara. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kuwa Wamarekani tangu hapo ni watu wa kula na kusaza. Leo nataka tulitazame jiko la wanyonge wao, kwani Muumini huiokota hekima popote aikutapo.

Katika jimbo hilo hilo la Massachusetts alikuwako mwanamke jina lake Lydia Maria Child. Mumewe alikuwa mwanasheria asiyekwisha madeni, na mke ndiye aliyejua taabu ya kuifanya senti ifike mwisho wa mwezi. Mwaka 1829 alitoa kitabu cha mapishi na matumizi ya nyumba kwa watu wa kipato kidogo. Kilipendwa mno, kikapigwa chapa zaidi ya mara 30. Ndani yake aliwafundisha wanawake kununua nyama ya bei nafuu na kuipika polepole mpaka ilainike, kutumia mkate uliokauka badala ya kuutupa, na kuchungulia ndoo ya mabaki, wahakikishe kuwa hakikutupwa kinachofaa kuliwa. Chakula chao kikubwa kilikuwa maharage yaliyookwa kwa saa nyingi, na uji mzito wa unga wa mahindi uliotiwa maziwa na asali ya miwa. Maharage hayo waliyatia nyama ya nguruwe, nayo ni haramu kwetu. Tunachochukua hapa ni utaratibu, si sufuria yao.

Sasa sikiliza, ewe msomaji, jambo linalonifanya nimtaje. Mwaka 1833, mwaka ule ule wa mkataba wa Sayyid Said, mama huyu alitoa kitabu kingine cha kuupinga utumwa wa Waafrika nchini mwake. Wakubwa wa Boston wakamgeuzia uso. Vitabu vyake vikaacha kununuliwa, na gazeti lake la watoto likafa mwaka 1834. Yeye aliyehesabu makombo ya mkate alikubali kupoteza riziki kwa ajili ya haki. Hapa ndipo tunapoona tofauti ya mwekevu na bakhili: bakhili hushika mali asiitoe hata kwa haki, na mwekevu hujinyima upuuzi ili awe nayo siku haki ikimwita.

Miaka mia kamili baada ya kitabu cha kwanza, Oktoba 1929, soko la hisa la New York lilianguka. Mabenki yakafungwa, viwanda vikazimwa, na kufika 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Watu waliokuwa na heshima zao walipanga foleni wakingojea supu ya sadaka. Katika nyumba, mama walirudi kwenye mapishi ya zamani. Nyama ya kusaga walichanganya na chembe za mkate au shayiri ili ratili moja itoshe watu wengi. Keki walipika bila mayai, bila siagi wala maziwa. Mboga walichuma majani yaotayo yenyewe kando ya njia, kama sisi tuchumavyo mchicha pori. Matunda ya msimu waliyachemsha na kuyafunga katika chupa, yawe akiba ya siku za baridi. Magunia ya unga waliyashona nguo za watoto, hata wenye viwanda walipojua hayo wakaanza kuyapiga chapa ya maua ili mtoto asione haya.

Limau lilipokosekana, mama walitia siki katika mkate wao mtamu ili upate ukali. Niliposoma hayo nilikumbuka hadithi aliyoipokea Jabir, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliuliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaitaka hiyo siki, akala, na akaisifu. Hakukunja uso wala hakumfedhehesha aliyemwandalia.

Hata Ikulu ya Marekani ilishiriki. Mwezi wa Machi 1933 bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, aliandaa chakula cha mchana cha mayai, viazi vya kupondwa, mkate na pudini ya matunda makavu, kwa gharama ya senti 7 na nusu kwa mtu mmoja. Alitaka raia waone kuwa chakula cha bei ndogo si chakula cha fedheha.

Lakini nchi hiyo hiyo ilionyesha na ubaya. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, basi wakulima wengine wakamwaga maziwa barabarani, wengine wakachoma mahindi kuwa kuni, na serikali mwaka 1933 ikaua nguruwe kiasi cha milioni 6 ili bei ipande, huku wenye njaa wakitazama. Nabii Yusuf (A.S.) alipopewa usimamizi wa ghala za Misri aliiacha nafaka katika mashuke yake miaka ya neema, akawalisha watu miaka ya dhiki. Huyo aliweka, na hawa waliangamiza.

Tusiwacheke, ndugu zangu. Alfajiri moja, nikienda msikitini siku ya pili ya arusi, niliona jaani pilau ya sinia nyingi, kunguru wakigombania. Asubuhi ile ile chuoni kwangu mtoto mmoja alisema amekula kiporo cha ugali na chai kavu, na wenzake wakamcheka mpaka akalia. Niliwaambia: aliyekula kiporo ameiheshimu neema ya Mola wake, wa kuona haya ni yule aliyelijaza jaa.

Basi ewe mama wa nyumba, pika kwa kipimo, na kilichobaki kihifadhi au mpelekee jirani kingali kizuri, usingoje kichache. Na wewe baba, ukiandaliwa siki, kula na ushukuru. Ukialika arusi, wahesabu maskini wa mtaa kabla hujahesabu masinia.

Wabillahi taufiq.