Bunduki ya kuwindia: Mambo anayopaswa kujua mkazi wa Machakos

MTU wa Machakos anayetamani kununua bunduki ya nusu-otomatiki ili awinde au ajinusuru porini hana budi kuanza na sheria kabla ya kwenda kwa muuzaji silaha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mnamo Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza kamba: kuwinda kwa burudani, kuwinda kwa ajili ya kitoweo na kuuza nyamapori yote ni makosa ya jinai.

Hata hivyo, haja inayomfanya mtu aulize si ya kupuuzwa. Wanaoishi chini ya mlima Ol Donyo Sabuk wana nyati kwa majirani, nao wafugaji wa Mavoko na nyanda za Athi hupoteza mifugo kwa fisi na simba. Wapo pia wenye mashamba wanaomiliki silaha kihalali.

Maana ya nusu-otomatiki

Bunduki ya nusu-otomatiki hutoa risasi moja kila kifyatuo kinapovutwa, kisha hutumia nguvu ya gesi au ya msukumo wa mlipuko kutupa ganda na kupakia risasi nyingine yenyewe. Ile ya otomatiki huendelea kumimina risasi maadamu kidole kimekandamiza kifyatuo. Silaha za kijeshi kama AK-47 hufanya yote mawili, na raia anayepatikana nazo nchini Kenya hukabiliwa na adhabu nzito mno. Aina ya tatu ni bunduki ya komeo, ambayo mwenyewe huipakia kwa mkono baada ya kila risasi.

Walivyochagua wawindaji wa kale

Katika Afrika Mashariki, bunduki ya kujipakia haikupata kuwa chombo cha mwindaji. Wakamba walijijengea sifa ya uwindaji kwa uta na mishale iliyopakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wanaouita kivai. Ustadi wao ulikuwa kumnyemelea mnyama hadi karibu, kwani nafasi ya kutupa mshale wa pili ilikuwa nadra.

Wageni waliokuja na bunduki walijifunza somo hilo hilo. John Henry Patterson, aliyewaua simba wala watu wa Tsavo mnamo Desemba 1898, alitumia bunduki ya 303. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi bunduki nzito zaidi aliyoazima, ambayo hakuwahi kuijaribu, ilivyogoma kufyatuka simba akiwa mbele yake. Naye W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya komeo yenye risasi ndogo ya milimita 7. Alichotegemea ni kujua mahali ubongo na moyo wa ndovu ulipo, wala si wingi wa risasi.

Nchini Tanzania, ambako uwindaji wa leseni ungali halali, sheria inakataza kuwinda kwa silaha za otomatiki na za nusu-otomatiki. Sababu yake haifichiki. Mwenye risasi nyingi za haraka hushawishika kufyatua ovyo, na mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani ni hatari kwa kila apitaye njia hiyo.

Vigezo vya uchaguzi

Kwa mwenye kibali cha kazi inayohitaji bunduki, vigezo ni vinne. Cha kwanza ni ukubwa wa risasi kulingana na mnyama. Risasi ya 22 yatosha kwa sungura, lakini kumpigia nyati ni kujitafutia kifo. Kwa wanyama wakali, risasi ya 375 iliyobuniwa mwaka 1912 imeheshimiwa kwa zaidi ya karne moja. Kwa ndege kama kanga na kwale, ambao waliendelea kuwindwa kwa leseni baada ya marufuku ya 1977, chombo kilikuwa bunduki ya marisau.

Cha pili ni uaminifu wa mtambo. Vumbi la Ukambani huingia kila penye upenyo, na bunduki ya kujipakia ina sehemu nyingi zinazohitaji kusafishwa kuliko ya komeo. Cha tatu ni upatikanaji wa risasi, kwani silaha isiyo na risasi madukani haina faida. Cha nne ni mazoezi: bunduki isiyozoewa humgeuka mwenyewe, kama ilivyomtukia Patterson.

Leseni kwanza

Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila cheti. Mwombaji huchunguzwa mwenendo wake na hutakiwa kuwa na sababu ya kuridhisha. Mlevi au mtu asiye na akili timamu hukataliwa. Cheti hicho si ruhusa ya kuwinda. Machakos ilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizoruhusiwa kuvuna wanyama kwa majaribio, na shamba la Hopcraft katika nyanda za Athi lilijulikana sana kwa kazi hiyo, lakini mpango huo nao ulisimamishwa mwaka 2003.

Kujinusuru bila bunduki

Kwa mfugaji wa kawaida, kinga iliyo karibu ni boma imara na mwanga. Richard Turere, kijana wa Kitengela jirani na Mavoko, alipata umaarufu duniani mwaka 2013 kwa taa alizobuni, ambazo humulika kwa zamu na kumfanya simba adhani kuna mtu anayetembea usiku na tochi.

Mnyama hatari anapoonekana, taarifa yapasa kupelekwa mara moja kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), ambalo lina askari wenye silaha na mafunzo. Madhara yakishatokea, madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa kifo, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Mifugo na mazao pia yamo katika sheria hiyo. Kwa sababu hiyo, mwenye hasara anashauriwa asiondoe mzoga wala asifute nyayo kabla ya maafisa kufika na kuandika ripoti, kwani ushahidi huo ndio utakaotegemewa na kamati.