Kuseti Kabureta

Kamusi zinaandika kabureta, na mafundi wa pikipiki kuanzia Mtwara mjini hadi Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma wanasema hivyohivyo. Neno lina asili ya Kifaransa na limejengwa juu ya jina la kaboni. Ukilifuata hadi Kilatini unafikia makaa. Tungelitafsiri kwa asili yake tungepata kitu kama "kitia kaboni", jina la kumpotosha mwanafunzi, kwa sababu petroli ina kaboni yake tayari na kabureta haiongezi hata chembe. Kulipokea neno lilivyo ulikuwa uamuzi mzuri. Ninalotaka kulitetea ni neno linalokaa jirani yake gereji kila siku, lakini likifika kwenye maandishi linafutwa na kuandikwa jingine: kuseti.

Kwanza kazi yenyewe. Petroli ikiwa majimaji haiwaki vizuri ndani ya silinda. Lazima ipasuliwe iwe ukungu na ichanganyike na hewa. Ili hewa na mafuta viishe pamoja, kila kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli inayouzwa kwa chupa vijijini inahitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa. Kabureta inaupima uwiano huo kwa matundu tu, bila umeme wowote. Hewa inayovutwa na pistoni inapita kwenye koo lililobanwa katikati. Ikifika hapo inaongeza mwendo na mgandamizo wake unashuka, jambo ambalo Daniel Bernoulli alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738. Petroli iliyomo kwenye bakuli la chini bado inasukumwa na mgandamizo wa kawaida wa hewa, kwa hiyo inapanda kupitia tundu la jeti na kurushwa kooni kama manyunyu. Mwaka 1893 Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria waliandikisha hataza ya kabureta ya namna hii, na kipindi hichohicho Wilhelm Maybach wa Ujerumani alikuwa na yake. Pikipiki ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na kunakiliwa kwa wingi na viwanda vya China, inafuata wazo hilohilo.

Majina ya vipande vya ndani yamekaa vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Boya halihitaji maelezo kwa mtu wa Mikindani au Msangamkuu: linaelea kwenye bakuli kama lile la nyavu linavyoelea baharini. Petroli ikijaa boya linapanda na kufunga njia. Ikipungua linashuka na kuifungua. Likitoboka linameza mafuta, linazama, na petroli inafurika hadi chini. Tatizo liko kwenye sindano, maana ziko mbili. Moja ni ndefu, imening'inia kwenye kile kipande cha mviringo kinachopanda ukivuta mafuta. Unene wake unapungua kuelekea ncha, na kadiri inavyopanda ndivyo petroli inavyopata nafasi. Nyingine ni fupi, mara nyingi yenye ncha ya mpira, na ndiyo inayosukumwa na boya. Mtu akiagizwa dukani "sindano ya kabureta" anaweza kurudi na isiyohitajika. Ile ndefu iendelee kuitwa sindano. Ile fupi ningependa iitwe kizibo cha boya, kwa kuwa kuziba ndiyo kazi yake pekee.

Pikipiki kuukuu ikifikishwa kwa fundi wa mwambao, neno la kwanza ni kufumua. Kabureta inafumuliwa kama nguo, kipande baada ya kipande, na kila kipande kinaonyesha pikipiki ilivyoishi. Mwili wake ni wa aloi ya zinki au alumini. Hewa ya chumvi huufanya utoe unga mweupe kwenye maungio. Jeti ni za shaba ya njano, nazo huota ukoko wa kijani. Chini ya bakuli unakuta tone la maji lililoingia na mafuta ya dumu, na kama pikipiki ililazwa tangu msimu wa korosho uishe, sehemu nyepesi za petroli zilikwisharuka zikaacha gundi ya kahawia inayonuka vanishi. Gundi hiyo ndiyo inayoziba jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa silensa, yaani ikizunguka bila kuvutwa mafuta. Dereva anakwambia pikipiki inawaka kwa choki tu, na ukiirudisha choki inazima.

Hapa naomba fundi kijana anisikilize. Bertha Benz, katika safari yake ya gari ya mwaka 1888 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, anasimuliwa kuwa alizibua njia ya mafuta kwa pini ya kofia. Njia ya mafuta inaweza kuvumilia pini, jeti haivumilii. Shaba ya njano ni laini, na jeti ndogo nyingi zina tundu la milimita 0.35 hadi 0.40. Waya wa breki ukipitishwa kwa nguvu ukalipanua tundu kutoka 0.35 hadi 0.40, eneo lake limeongezeka kwa karibu asilimia 30, na hakuna skrubu itakayolirudisha. Loweka jeti kwenye petroli safi au dawa ya kabureta, puliza kwa pampu, kisha iinue uielekeze juani: tundu lionekane duara kamili, lisilo na nywele. Likibakia na uchafu, pitisha uzi mmoja wa nailoni. Namba iliyochongwa kwenye jeti isomwe na iandikwe kabla haijafutika, kwani jeti ya duka inaweza kufanana kwa umbo ikatofautiana kwa tundu.

Kabureta imesafishwa, gasketi na oringi ni mpya, imefungwa. Hakuna kilichoharibika tena, na bado kazi haijaisha. Hapa ndipo kuseti kunapoanza, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaoandika "kurekebisha kabureta" wakidhani wanasafisha lugha. Kurekebisha kunadai kwamba kuna kosa. Kuseti ni kuchagua mahali pa kusimama kati ya mahali pengi panapowezekana, kwa injini hii, hewa hii na kazi hii. Neno limetoka Kiingereza, ni kweli, lakini limeshakubali viambishi vyetu vyote: nimeiseti, imesetiwa, haisetiki. Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Fundi akisema kabureta haisetiki, anamaanisha anazungusha skrubu na injini haijali, na aghalabu atakwenda kutafuta hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini. Neno moja limebeba uchunguzi mzima.

Kuseti kwenyewe kunafanywa injini ikiwa imepata moto. Skrubu ya mchanganyiko inafungwa polepole hadi iguse, bila kukazwa, kisha inarudishwa mzunguko mmoja na nusu. Unawasha, unaifungua au kuifunga robo kwa robo hadi mlio uwe wa juu na ulionyooka, halafu unashusha silensa kwa skrubu yake. Lazima ujue skrubu iko upande gani. Ikiwa upande wa chujio inapima hewa, kwa hiyo kuifunga ni kuongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini inapima mchanganyiko, na kuifunga ni kuyapunguza. Wengi huhangaika kutwa kwa kutojua hilo. Baadaye unakwenda mwendo wa kutosha, unazima, unafungua plagi. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Rangi ya kahawia, acha hapo.

Na seti ni ya mahali. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mtwara. Pikipiki iliyosetiwa Njombe kwa jeti kubwa yenye namba ya chini, ikashuka kwa Songea, Tunduru na Masasi hadi pwani, inafika ikiwa nzima kabisa na seti isiyofaa: hewa nzito inaingia, petroli inayoifuata ni ile ya milimani. Ukiipakia abiria na mzigo kwenye mchanga wa Msimbati, gia ya kwanza, jua la mchana, inachemka na nguvu zinakatika, na mwenye haraka atanunua pistoni mpya kabla hajaigusa kabureta. Fundi anayejua kuseti ataweka jeti kubwa yenye namba ya juu kidogo, atashusha klipu ya sindano kijino kimoja ili sindano ipande, ataiendesha hadi Madimba na kurudi, kisha ataitazama plagi.