Ugawaji wa Anwani za Mtandao Usiokatika: Maelezo kwa Ofisi za Umma, kwa Mfano wa Njombe na Makambako

Na Mwandishi Wetu, Njombe

Mwananchi anapofika katika ofisi ya halmashauri kulipia leseni ya biashara, mtumishi humtolea kumbukumbu namba ya malipo kupitia mfumo wa Serikali. Mgonjwa anapofika mapokezi ya hospitali, taarifa zake huingizwa katika kompyuta kabla hajamwona daktari. Huduma hizi na nyingine nyingi hutegemea jambo dogo ambalo wengi hawalioni: kompyuta ya mtumishi ni lazima iwe na anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha ndani ya mtandao ili taarifa zitoke na kurudi mahali sahihi.

Katika ofisi nyingi, namba hizo hutolewa na seva moja inayofanya kazi hiyo usiku na mchana. Seva hiyo ikisimama, mwananchi huambiwa kuwa mtandao haupo, ingawa umeme unawaka na mkongo ni mzima. Makala haya yanaeleza namna huduma ya ugawaji wa anwani inavyofanya kazi, na namna inavyoweza kupangwa ili kuharibika kwa kifaa kimoja kusisimamishe shughuli za ofisi nzima.

Anwani hutolewaje

Itifaki inayotumika kugawa anwani hujulikana kwa kifupi DHCP. Ilitanguliwa na itifaki ya BOOTP ya mwaka 1985. DHCP yenyewe ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na toleo linaloendelea kurejewa hadi leo, lililoandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell nchini Marekani, lilitolewa mwaka 1997.

Utaratibu wake una hatua nne. Kompyuta inapowashwa hutangaza katika mtandao kuwa inatafuta anwani. Seva hujibu kwa kuipendekezea anwani moja. Kompyuta huomba rasmi anwani hiyo, na mwisho seva huthibitisha na kuiandika katika daftari lake. Pamoja na anwani, kompyuta huelezwa lango la kutokea nje ya ofisi na seva za kutafsiri majina ya tovuti.

Anwani hiyo haitolewi moja kwa moja. Hupangishwa, kama chumba, kwa muda maalumu. Nusu ya muda wa pango inapopita, kompyuta huirudia seva ileile kuomba kuongezewa muda. Ikikosa jibu hadi asilimia 87.5 ya muda huo, huanza kuomba kwa seva yoyote itakayosikia. Muda wote ukiisha bila jibu, hulazimika kuiacha anwani.

Hapo ndipo dalili muhimu hujitokeza. Kompyuta nyingi zinapokosa seva hujipa zenyewe anwani inayoanza na 169.254. Mtumishi anayeona tarakimu hizo katika kompyuta yake anapaswa kumweleza Afisa TEHAMA mara moja, kwa kuwa zinaonesha kuwa kompyuta haikupata jibu la seva ya anwani. Taarifa hiyo huokoa muda ambao ungetumika kumsubiri mtoa huduma wa intaneti aje kukagua mkongo usio na tatizo.

Kwa nini Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Iringa. Mji wa Njombe ni makao makuu ya mkoa. Makambako, uliopo takriban kilomita 60 kutoka hapo, ni njia panda ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia na barabara iendayo Njombe hadi Songea, na ni kituo cha reli ya TAZARA. Kila mji una halmashauri yake.

Tuchukue mfano wa taasisi yenye ofisi katika miji yote miwili, ikiwa na vifaa 90 katika kila ofisi na njia moja ya mawasiliano inayoziunganisha. Mfano huu ni wa kufundishia, lakini mazingira yake ni halisi kwa taasisi nyingi. Miji yote miwili hupata umeme wa gridi ya Taifa, hivyo hitilafu kubwa ya gridi huigusa kwa pamoja. Matengenezo ya barabara au uchimbaji wa mitaro unaweza kukata waya wa mawasiliano. Aidha, vipuri vya seva visivyopatikana mkoani huagizwa kutoka mbali.

Katika mazingira hayo, swali la kwanza la mpangaji wa mtandao ni hili: ni chanzo gani kimoja kinachoweza kuzima kila kitu kwa wakati mmoja? Seva mbili zilizo katika kabati moja, zikitumia betri moja ya akiba na swichi moja, zitazimika pamoja. Kwa hesabu ya manunuzi ni mbili. Kwa hesabu ya hatari ni moja.

Muda wa pango upimwe kwa muda wa matengenezo

Hatua ya kwanza ya kuimarisha huduma haihitaji fedha, bali uamuzi kuhusu muda wa pango. Tuseme seva imeharibika Ijumaa jioni baada ya watumishi kuondoka. Kama pango ni la saa 8, Jumatatu asubuhi hakuna kompyuta iliyobaki na anwani, na kaunta zote zitasimama. Kama pango ni la siku 8, kompyuta iliyohuisha pango lake Ijumaa asubuhi itakuwa bado na siku 5 Jumatatu asubuhi. Itifaki huiruhusu kuendelea kutumia anwani hiyo hata seva isipojibu. Vifaa vipya pekee ndivyo vitakavyokosa huduma.

Kanuni inayofaa ni kwamba pango la kompyuta za ofisi lizidi muda mrefu zaidi ambao fundi na kipuri vinaweza kuchukua kufika, ukijumlisha mwisho wa juma na sikukuu. Hata hivyo, pango refu lina gharama yake: anwani ya kifaa kilichoondoka hubaki imeshikiliwa. Kwa sababu hiyo simu za wageni na vifaa vya ukumbi wa mikutano viwekwe katika sehemu yao ya mtandao yenye pango fupi, kwa mfano saa 1 au 2, ili visimalize anwani za watumishi.

Seva mbili, njia mbili za kugawana kazi

Njia ya kwanza ni kugawa fungu la anwani. Sehemu moja ya mtandao yenye anwani 254 zinazotumika inaweza kutenga 24 kwa ajili ya ruta, seva na printa, zikabaki 230. Kila seva ikipewa 115, seva yoyote inaweza kuvihudumia vifaa vyote 90 mwenzake anapoharibika. Njia hii ni rahisi, na seva hizo hazihitaji kuwasiliana. Lakini vifaa vikifika 150, nusu moja haitatosha, na fungu litapaswa kupanuliwa. Vilevile, anwani maalumu za printa zinazotolewa kupitia seva ni lazima ziandikwe katika seva zote mbili kwa usahihi uleule.

Uhaba wa anwani za ndani usiwe kisingizio. Fungu binafsi linaloanza na 10 pekee lina anwani 16,777,216, ambazo taasisi yoyote inaweza kuzitumia ndani bila kuziomba kwa msajili. Uhaba unaozungumzwa duniani ni wa anwani za umma za toleo la 4, ambazo jumla yake haifiki bilioni 4.3 na ambazo kwa Afrika husimamiwa na AFRINIC.

Njia ya pili ni seva mbili zinazotumia daftari moja la mapango kwa kupeana taarifa kila wakati. Huweza kugawana maombi, au moja ikafanya kazi huku nyingine ikisubiri kama akiba. Windows Server ina uwezo huo tangu toleo la 2012. Kwa upande wa programu huria, Kea ya taasisi ya ISC ndiyo mrithi wa programu ya zamani ya ISC DHCP, ambayo taasisi hiyo ilitangaza mwisho wa matengenezo yake mwaka 2022. Ofisi inayotumia programu hiyo ya zamani inashauriwa kupanga kuhama.

Seva zinaposhindwa kusikiana

Hatari ya njia ya pili ni kwamba seva isiyosikia sauti ya mwenzake haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au njia ndiyo iliyokatika. Ikidhani amekufa, ikatwaa anwani zote ilhali mwenzake yu hai, kompyuta mbili zinaweza kupewa anwani moja, na zote mbili zikasumbuka.

Waundaji wa mifumo hii waliweka tahadhari. Seva haitoi nyongeza ya muda inayozidi kikomo kidogo kilichokubaliwa kabla mwenzake hajajulishwa. Katika Windows Server kikomo hicho ni saa 1 isipobadilishwa. Seva ya akiba nayo, kabla mwenzake hajatangazwa kuwa hayupo, hutumia sehemu ndogo tu ya fungu kwa vifaa vipya. Kwa kawaida ni asilimia 5, ambazo katika anwani 230 ni vifaa 11. Baada ya tangazo hilo kutolewa na kikomo kupita, ndipo hutwaa fungu lote.

Tangazo hilo ni vyema likabaki mikononi mwa mtu. Afisa TEHAMA wa Njombe, kabla ya kutangaza kuwa seva ya Makambako haipo, ampigie simu mwenzake aliyepo huko na kuthibitisha. Badiliko dogo katika kifaa cha ulinzi wa mtandao linaweza kuzizuia seva zisisikiane huku kompyuta zikiendelea kuzifikia zote mbili. Simu ya dakika mbili huzuia kosa la siku nzima.

Kwa mfano wetu, mpangilio unaofaa ni kila mji kuwa na seva yake ya msingi, na seva ya mji wa pili kuwa akiba yake. Njia kati ya miji ikikatika, kila ofisi huendelea kugawa anwani zake. Seva ya Makambako ikiharibika, maombi husafirishwa hadi Njombe. Yakitokea yote mawili kwa pamoja, pango refu huibeba ofisi hadi fundi afike. Taasisi inayofanya kazi saa 24, kama hospitali, iongeze seva ya pili katika jengo lingine la palepale.

Umuhimu wa kugawa anwani papo hapo ulipata ushahidi Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti kudorora nchini na katika nchi jirani. Ofisi inayogawa anwani kutoka seva iliyo mbali huweza kupoteza hata uwezo wa kuchapa waraka ndani ya jengo lake. Ile yenye seva yake huendelea na kazi za ndani.

Mambo yanayosahaulika

Tangazo la kompyuta inayotafuta anwani halivuki ruta. Ruta au swichi huwekewa maelekezo ya kulipeleka kwa seva. Maelekezo hayo yataje seva zote mbili. Ofisi inayonunua seva ya pili na kusahau mstari huo mmoja imenunua akiba ambayo hakuna atakayeifikia.

Aidha, kila seva iwe na betri yake ya akiba, na vifaa viwe na uthibiti wa radi pamoja na nyaya za ardhi zilizokaguliwa kabla ya msimu wa mvua. Saa za seva mbili zilingane, kwa kuwa mapango huhesabiwa kwa saa. Swichi ziwekwe mpangilio unaokataa majibu ya anwani kutoka sehemu zisizoidhinishwa. Mtumishi anayechomeka ruta ya nyumbani ukutani ili apate Wi-Fi anaweza, bila kujua, kuanza kuwagawia wenzake anwani zisizo sahihi, na seva mbili nzima zisisaidie kitu.

Anwani za toleo la 6 huleta unafuu, kwa kuwa kifaa kinaweza kujitengenezea anwani kutokana na tangazo la ruta bila kuhitaji daftari la seva. Hata hivyo, tangazo hilo linahitaji ruta iliyo hai, hivyo suala la akiba linabaki palepale.

Akiba ijaribiwe

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mtandao huoza isipojaribiwa. Angalau mara moja kila robo mwaka, baada ya saa za kazi na kwa taarifa ya maandishi, seva ya msingi izimwe kwa makusudi. Kompyuta moja mpya iwashwe ili kuona kama inapata anwani, na ile yenye pango iachwe ihuishe. Muda uliotumika, kasoro zilizoonekana na jina la aliyethibitisha viandikwe katika daftari la matukio. Nakala ya mipangilio ya seva itunzwe nje ya jengo.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, ndiyo yenye jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za Serikali Mtandao na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo. Taasisi za umma zinashauriwa kurejea miongozo hiyo kabla ya kubadilisha mipangilio yao.

Kwa mwananchi aliyetoka kijijini na kulipa nauli kufika kaunta mjini Njombe au Makambako, maneno "mtandao haupo" ni gharama ya siku nzima ya kazi. Kwa seva mbili zisizotegemea chanzo kimoja, pango lililopimwa kwa muda wa matengenezo, na jaribio moja kila robo mwaka, sababu moja ya kumwambia maneno hayo inaweza kuondolewa.