Mlango wa Berkeley

Mwaka 1962 Ed Roberts, kijana aliyepoozeshwa na polio, aliingia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Marekani. Mashine yake ya kupumulia ilikuwa nzito mno kwa mabweni, basi akapewa chumba hospitali ya chuo. Wenzake wakamfuata, na mwaka 1972 wakafungua kituo cha kuwawezesha wenye ulemavu kujitegemea, kilichokuja kuigwa kwingi.

Sasa sikia. Chuo hichohicho kilipomwaga masomo ya bure kwenye intaneti, video nyingi hazikuwa na maandishi ya maneno ya mwalimu. Kiziwi anaona midomo ikicheza tu! Viziwi wakashtaki, na mwaka 2016 Wizara ya Sheria ikasema wana haki. Chuo kikafanyaje? Mwaka 2017 kikaondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000, kikitaja gharama. Wapo waliowalaumu viziwi, jamani, kana kwamba wao ndio waliofunga mlango. Lakini somo lingetungwa na maandishi yake tangu siku ya kwanza, mzigo huo ungetoka wapi?

Mwaka 2022 chuo kilikubaliana na serikali kuyaandika maneno hayo, kwa masomo mapya na sehemu kubwa ya yale yaliyokuwepo.