Umbali Kutoka Mlangoni

Jioni hapa Huruma, ukitaka kujua wavulana wako wapi, lazima uulize. Wengine wamefika Maili Nne, wengine wako mto Sosiani na walikatazwa. Wasichana huulizi. Wako hapo tu mbele ya ploti wakiruka kamba, na mmoja ana mtoto mgongoni.

Mpwa wangu ana miaka 7. Majuzi alileta karatasi ya kuchora maumbo, alama mbaya sana, na mwalimu akamwambia mamake kwamba macho ya wasichana hayashiki maumbo, ndivyo walivyoumbwa. Dadangu akakubali. Mimi nikakumbuka Vihiga.

Mwaka wa 1971 Wamarekani wawili, Robert na Ruth Munroe, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Kimaragoli wa miaka 3 hadi 7. Hakukuwa na mashine yoyote. Walienda bomani, wakamtafuta mtoto, wakaandika yuko umbali gani na nyumbani. Baadaye wakampa vipande vya mbao avipange kufuata mfano. Wavulana kwa kawaida walipatikana mbali zaidi, na watoto waliokuwa wakienda mbali ndio waliofuata mfano vizuri. Mwaka huohuo, wakiwa na Sara Nerlove, walitoa matokeo yanayofanana kutoka kwa Wagusii.

Utaniambia labda mwenye jicho kali ndiye hupenda kuzurura. Inawezekana, na kupima umbali pekee hakumalizi ubishi huo. Lakini kuna John Berry, aliyelinganisha Watemne wa Sierra Leone na Wainuiti wa Kanada, akachapisha mwaka wa 1966. Watemne walikuwa wakiwabana watoto, Wainuiti wakiwaachia, msichana kwa mvulana. Kwa Watemne wanaume waliwapita wanawake kwenye majaribio ya kuona. Kwa Wainuiti pengo hilo halikuonekana. Kama ni maumbile, Wainuiti waliyaacha wapi?

Sisemi maumbile hayana lolote. Kwenye kuzungusha umbo akilini, wavulana wameongoza katika nchi nyingi. Nasema tu mtu apime umbali kwanza.

Nilimweleza dadangu haya yote. Akaniuliza, "Na boda ikimgonga? Na nani atabaki na mtoto?" Sikuwa na jibu, kwa hivyo Jumamosi nikabeba mtoto mimi, tukatembea na mpwa wangu hadi Maili Nne. Kurudi nikamwambia atangulie. Alikosea kona mbili. Ya tatu nikafungua mdomo, akaniambia, "Anko, nyamaza kwanza."