Kisangani: Sumu ya samaki ambayo moto hauiwezi

Mkebe wa sardini uko kila pahali mjini Kisangani: soko kuu, vibanda vya barabarani, na hata katika mizigo ya wahami waliokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu mwaka 2023. Hauhitaji friji wala kuni. Unapanda mto kutoka Kinshasa, ama unafika kwa malori yanayopitia Bafwasende. Lakini historia ya mkebe huo ina somo ambalo wakaaji wengi hawajalisikia: iko sumu moja ya samaki ambayo moto hauiwezi. Inaitwa histamini.

Kwa mababu jambo hili halikuwa shida kubwa. Wavuvi Wagenia walitoa samaki katika mitego yao kwenye maporomoko, naye aliliwa siku ileile ama alikaushwa kwa moshi. Histamini ni hasa habari ya samaki wa bahari: sardini, jodari anayeandikwa « thon » kwenye mkebe, na vibua wanaoandikwa « maquereau ». Nyama yao ina histidini nyingi. Samaki akikaa kwenye joto bila barafu baada ya kuvuliwa, vijidudu hugeuza histidini hiyo kuwa histamini.

Mkebe wenyewe ulianzia Ulaya. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kufunga chakula ndani ya chupa na kukichemsha, naye serikali ikampa faranga 12,000. Mwaka uleule Peter Durand aliandikisha mkebe wa bati huko Uingereza. Tangu hapo watu waliamini kwamba chakula kilichofungwa na kuchemshwa kimekwisha kuwa salama.

Ni kweli kwamba moto wa kiwanda huua vijidudu. Lakini histamini si kijidudu. Ikiisha kuingia katika nyama, inabaki. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, pilipili haiiondoi.

Marekani ilijifunza hayo mwaka 1973, wakati watu zaidi ya 200 walipougua baada ya kula jodari wa mkebe. Mikebe ilikuwa imefungwa vizuri na kupikwa kiwandani. Kosa lilikuwa limeingia mapema, samaki akiwa bado hajafungwa.

Leo Codex Alimentarius, iliyoanzishwa na FAO na OMS mwaka 1963, inaweka mpaka wa miligramu 200 za histamini kwa kilo moja ya samaki. Kwa mkebe mdogo wa gramu 125, hiyo ni miligramu 25. Huku Kongo, kukagua bidhaa zinazoingia nchini ni kazi ya OCC, iliyoundwa mwaka 1974. Kazi hiyo ina maana kubwa, kwa sababu mnunuzi hana njia ya kuiona histamini. Mkebe unaweza kung'aa, tarehe yake ikawa bado haijapita, harufu ikawa nzuri. Mara nyingine tu samaki huwasha ulimi kama pilipili.

Dalili huanza baada ya dakika chache ama saa chache: uso kuwa mwekundu ama moto, kichwa kuuma, ngozi kuwasha, moyo kwenda mbio, kuhara. Mara nyingi hupita ndani ya siku moja. Wengi huambiwa kwamba damu yao inakataa samaki, kumbe shida ilikuwa katika mkebe ule mmoja. Mtu anayeshindwa kupumua ama kuvimba uso apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Mkebe uliofunguliwa nao ni hatari, maana vijidudu vipya huingia, na joto la Tshopo linavisaidia. Familia isiyo na friji iufungue wakati wa kula na kuumaliza palepale. Mkebe uliovimba ama unaovuja usiliwe kabisa. Na watu wawili watatu wakiugua baada ya kula pamoja, mkebe mtupu usitupwe: upelekwe pamoja na wagonjwa, maana namba iliyopigwa juu yake ndiyo inayoonyesha ulitoka katika shehena gani.

Kutupa chakula ni uchungu kwa mama aliyeacha shamba lake nyuma. Ndiyo sababu ulinzi hauwezi kuachiwa sufuria yake peke yake: unaanzia kwenye barafu ya mvuvi na kupita mikononi mwa mkaguzi kabla ya kufika sokoni.